Lonnie Johnson na Kifungo cha Utanzu: Maisha ya Mpiga Ala Nyingi wa New Orleans

Makala haya yanahusu maisha ya mwanamuziki mmoja wa Marekani, Alonzo Johnson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lonnie, mzaliwa wa New Orleans aliyefariki Toronto, Kanada, tarehe 16 Juni 1970. Huenda msomaji wa jarida la uhakiki wa fasihi akauliza mpiga gitaa wa ng'ambo anahusiana vipi na kurasa hizi. Jawabu letu lina sehemu mbili. Kwanza, bluzi ni ushairi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ni ushairi wenye arudhi yake, wenye watunzi wake na wenye historia ya uhakiki wake, na Johnson ni mmojawapo wa watunzi walioutilia mkondo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, maisha yake yanatuonyesha jinsi jina la utanzu linavyoweza kubuniwa na mfanyabiashara kwa sababu za kuuza, kisha likaokotwa na mwanahistoria na kufanywa kipimo cha uhalisi wa msanii. Dai tunalolitoa ni kwamba Lonnie Johnson hakuwekwa kando na historia kwa sababu ya uchache wa kipaji. Aliwekwa kando kwa sababu ya wingi wake.

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alituachia kielelezo cha namna ya kuyaandika maisha ya mwimbaji: alimtazama mtu, kazi yake na jamii yake kwa pamoja, bila kuanza kwa kumuuliza yeye ni wa aina gani. Wengi walioandika kuhusu Johnson walianza na swali hilo hilo ambalo Shaaban alilikwepa, na tutaona lilivyowapotosha.

Hata mwaka wa kuzaliwa kwake una mgogoro. Siku ni tarehe 8 Februari, lakini maandishi mbalimbali yanataja 1889, 1894 na 1899, na ni huu wa mwisho unaotajwa mara nyingi. Kisichokuwa na mgogoro ni nyumba aliyozaliwa. Baba yake aliongoza kikundi cha ala za nyuzi ambacho wanamemba wake walikuwa jamaa wa nyumba moja, nacho kilipiga muziki katika arusi, karamu na mitaani. Mtoto katika nyumba kama hiyo hakuchagua ala. Alishika ile iliyokosa mtu. Johnson alianza na fidla, akaongeza gitaa, mandolini, banjo na piano. Kadhalika hakuchagua aina ya muziki, kwa kuwa aliyelipia karamu ndiye aliyeamua kama atachezewa walzi, wimbo wa mapenzi uliovuma mwaka ule, au bluzi. Tunaomba msomaji aikumbuke hali hii, maana ndiyo ufunguo wa mengi yatakayofuata. Katika New Orleans ya mwanzo wa karne ya 20 mtu aliyejua kupiga aina moja tu ya muziki hakuhesabiwa kuwa halisi zaidi ya wenzake. Alihesabiwa kuwa fundi asiyekamilika.

Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, mwaka 1917 alivuka bahari hadi London pamoja na kundi la maonyesho. Aliporejea mwaka 1919 aliikuta nyumba tupu. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ilikuwa imeifagia familia yake, akasalia yeye na ndugu yake James, ambaye naye alikuwa mpiga ala nyingi. Wahakiki kadhaa wamejaribu kuichukua misiba hii na kuifanya chanzo cha huzuni iliyomo katika nyimbo zake. Sisi tunasita. Msiba huu haukumpa Johnson mada mahususi. Nyimbo zake hazisimulii habari za homa. Ulichomwondolea ni bendi. Kikundi cha baba kilikuwa kimekufa kwa maana halisi ya neno, na ndugu wawili waliobaki wakauhama mji, wakafika St. Louis mnamo mwaka 1921.

Huko St. Louis Johnson alipata kazi katika meli za starehe zilizopanda na kushuka mto Mississippi, akiwa pamoja na wanamuziki wa jazi kama Charlie Creath. Kazi ya melini ilidai nidhamu. Wacheza dansi walilipa kiingilio, nao walitaka nyimbo walizozifahamu zipigwe kwa mwendo unaochezeka. Hapa tena fidla yake ilikuwa na thamani sawa na gitaa, ikiwa haikuzidi.

Ndipo likaja shindano la mwaka 1925, na hapa hatuna budi kutua kidogo. Ukumbi wa Booker T. Washington wa mjini St. Louis uliandaa mashindano ya kuimba bluzi yaliyoendelea kwa wiki kadhaa, na zawadi ya mshindi ilikuwa mkataba wa kurekodi na kampuni ya santuri ya OKeh. Johnson alijitosa, akashinda, na mnamo Novemba mwaka huo akarekodi. Miaka mingi baadaye alieleza, bila ya kuuma maneno, kwamba laiti shindano lingalikuwa la kuimba nyimbo za aina nyingine angaliingia vilevile. Alichokitaka ni kurekodi. Bluzi ilikuwa mlango uliokuwa wazi siku ile. Lakini aliyeingia kwa mlango huo aliandikwa kwenye daftari kwa jina la mlango. Toka hapo, kwa kampuni, kwa wauzaji na kwa waandishi wa historia, Lonnie Johnson akawa mwimbaji wa bluzi.

Daftari lenyewe linastahili kuelezwa. Baada ya mafanikio makubwa ya santuri ya Mamie Smith ya mwaka 1920, kampuni za Marekani ziligundua kwamba Wamarekani Weusi walikuwa soko. Kampuni ya OKeh iliwatengea orodha yake maalumu iliyoanzia nambari 8000, na baadaye, mwaka 1925, ikafungua orodha ya 45000 kwa ajili ya muziki wa Wazungu wa mashambani. Mipaka baina ya orodha hizi haikufuata mipaka ya muziki hata kidogo. Mpiga fidla Mweusi wa Mississippi na mpiga fidla Mzungu wa Georgia waliweza kuwa na nyimbo zile zile katika hazina zao, lakini kila mmoja alitakiwa studioni alete kile tu ambacho orodha yake ilikuwa na nafasi nacho. Kwa hiyo wimbo wa mapenzi uliotungwa New York, hata kama mwanamuziki Mweusi aliupiga kila Jumamosi, ulielekea kukataliwa studioni, kwa hoja kwamba wapo Wazungu wa kuuimba. Matokeo yake ni kwamba hifadhi ya sauti tuliyorithi si picha ya walichokipiga watu wale. Ni picha ya kile kilichodhaniwa kwamba kingenunuliwa. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1928, Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta soko la pwani yetu, na mtafiti wa taarabu naye hana budi kujiuliza swali la aina hiyo: tunapozisikiliza santuri zile, ni kwa kiasi gani tunasikia baraza za Unguja, na ni kwa kiasi gani tunasikia mahesabu ya mnunuzi?

Ajabu ni kwamba santuri ya kwanza ya Johnson yenyewe inalikataa jina aliloandikiwa. Katika "Falling Rain Blues" anaimba huku akipiga fidla. Fidla ile si ya kubahatisha. Ni ya mtu aliyelelewa nayo. Msikilizaji aliyefundishwa kwamba bluzi ni mtu mmoja na gitaa lake chini ya mti atatatizika hapa, na kwa kweli waandishi wengi wameipita santuri hii upesi ili wafike kwenye zile za gitaa.

Na tuutazame sasa ushairi wenyewe. Ubeti wa bluzi wa kawaida una mishororo mitatu: wa kwanza unatamka jambo, wa pili unalirudia takriban neno kwa neno, wa tatu unalijibu kwa mshororo wenye kina kile kile. Ubeti mzima hukaa katika vipimo 12 vya muziki, kila mshororo ukipewa vinne. Lakini maneno hayavijazi vipimo vyote vinne. Huchukua kama nusu, na nusu iliyosalia huachiwa ala. Ni katika nafasi hii iliyoachwa wazi ambamo Johnson alifanya kazi yake kubwa. Kwa watangulizi wake wengi nafasi hiyo ilikuwa pumziko la mwimbaji. Kwa Johnson ilikuwa zamu ya msemaji wa pili. Gitaa halikariri mahadhi ya mshororo uliotangulia. Linauhoji, linaudhihaki, pengine linauonea huruma. Mwanafunzi wa malumbano ya washairi wetu atautambua mpangilio huu mara moja, isipokuwa kwamba hapa walumbi wawili wanaishi katika mwili mmoja, na mmoja wao hana maneno.

Maneno yake yalikuwa makavu. Alipenda mada ya usaliti katika mapenzi, na kwa hilo baadhi ya wahakiki wamemlaumu kwamba ana chuki dhidi ya wanawake, lawama ambayo haikosi msingi. Hata hivyo, upo upande mwingine wa utunzi wake unaotajwa kwa nadra. Katika masika ya mwaka 1927 mto Mississippi uliyabomoa matuta ya kuzuia maji, ukawahamisha makwao watu zaidi ya 600,000. Wanaume Weusi wengi, hasa katika mji wa Greenville, walilazimishwa chini ya ulinzi wa bunduki kubeba magunia ya mchanga na kuyatengeneza matuta hayo. Mwaka uliofuata Johnson alirekodi "Broken Levee Blues". Nyimbo nyingi za gharika ile huomboleza maji. Wimbo huu unalalamikia polisi. Msemaji wake anafukuzwa na maafisa wa serikali kutoka mahali hadi mahali, anatishiwa jela asipofanya kazi ya matuta, naye anakataa kubeba gunia. Sauti yake haipandi hata mahali pamoja. Anasema kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya karani. Tunauona wimbo huu kuwa mojawapo ya mashairi ya kisiasa yaliyo wazi zaidi katika hazina nzima ya bluzi ya wakati wake, na kwa maoni yetu kupuuzwa kwake ni hasara kwa uhakiki, si kwa muziki pekee.

Umaarufu wa Johnson miongoni mwa wanamuziki, hata hivyo, ulitokana na vidole. Hadi wakati wake gitaa katika bendi ya jazi lilikuwa mtumishi, kama lilikuwepo kabisa. Banjo ndiyo iliyotiwa mbele kwa kuwa sauti yake ilipenya. Kazi ya ala hizi ilikuwa kushika mwendo kwa kupiga nyuzi nyingi kwa mkupuo. Johnson alilipa gitaa lahani. Alichomoa sauti moja moja, akaziburura, akazitetemesha, akazipinda kama mwimbaji apindavyo neno. Santuri yake ya "6/88 Glide" ya mwaka 1927 inamwonyesha akifanya hivyo akiwa mbele, piano ikimfuata. Msikilizaji aliyezoea udi katika taarabu hataliona jambo hili kuwa la ajabu, kwa kuwa udi tangu hapo ni ala ya lahani. Lakini kwa gitaa la Marekani yalikuwa mapinduzi, na wanaotaka kujua upigaji wa gitaa la peke katika jazi, bluzi na hata roki ulikoanzia hufikishwa hapa, watake wasitake. Tunaamini, ingawa jambo hili haliwezi kuthibitishwa kwa hati, kwamba mbinu hii ni fidla iliyohamia kwenye gitaa. Mtu aliyelelewa na gitaa tupu angeanza na mkupuo. Aliyelelewa na fidla anaanza na uzi mmoja.

Desemba 1927 Louis Armstrong alimwalika katika vikao vya kurekodi vya kikundi chake cha Hot Five mjini Chicago. Kikundi hicho tayari kilikuwa na Johnny St. Cyr katika banjo. Johnson aliitwa kama mgeni, na anasikika katika "I'm Not Rough", "Savoy Blues" na "Hotter Than That". Katika wimbo huu wa mwisho Armstrong anaacha maneno na kuimba kwa silabi zisizo na maana, naye Johnson anamjibu silabi kwa silabi kwa gitaa, wengine wote wakiwa wamenyamaza. Ni sekunde chache tu. Lakini ndani ya sekunde hizo mwimbaji amekuwa ala na ala imekuwa mwimbaji, na atakayekuja na vibao vyake vya "jazi" na "bluzi" atakosa pa kuvitundika. Oktoba 1928 ikawa zamu ya Duke Ellington kumwita, katika "The Mooche" na "Hot and Bothered". Katika miaka hiyo hiyo alimpigia gitaa Texas Alexander, mwimbaji wa mashambani ambaye hakujali vipimo na ambaye aliurefusha au kuufupisha mshororo kadiri pumzi ilivyompeleka. Anayeweza kumfuata Ellington na pia kumfuata Alexander anazijua lugha mbili tofauti kabisa. Hatujui mpiga gitaa mwingine wa kizazi kile aliyeachiwa kazi zote mbili.

Kisha kuna habari ya Eddie Lang. Huyu alizaliwa Philadelphia kwa jina la Salvatore Massaro, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, naye alikuwa mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote miongoni mwa Wazungu wa jazi. Kati ya 1928 na 1929 yeye na Johnson walirekodi pamoja nyimbo kadhaa za magitaa mawili, zikiwemo "Two Tone Stomp", "Guitar Blues" na "A Handful of Riffs". Lang anashika mwendo na mikupuo. Johnson anaruka juu yake kwa lahani. Sheria na desturi za ubaguzi hazikuruhusu jambo hilo litangazwe, na isitoshe santuri zenyewe zilikuwa katika orodha ya wanunuzi Weusi. Kampuni ikatatua tatizo kwa kumbatiza Lang jina la Blind Willie Dunn, yaani Willie Dunn Kipofu, kwa vile upofu ulikwisha kuwa alama ya biashara ya mwanabluzi Mweusi. Lang alikuwa na macho yake mawili mazima. Hatudhani upo ushahidi ulio bora kuliko huu wa dai letu la awali. Utanzu umeundwa hadi kufikia kiwango cha kuwa na sura, rangi na ulemavu wake, na mtu asiyekuwa navyo anaazimwa.

Kati ya 1925 na 1932 Johnson aliirekodia OKeh nyimbo takriban 130 kwa jina lake, mbali na zile alizowapigia wengine, na mwaka 1929 alizunguka katika maonyesho pamoja na Bessie Smith. Mdororo wa uchumi uliyakatiza yote hayo. Santuri zilizouzwa Marekani zilishuka kutoka zaidi ya milioni 100 mwaka 1927 hadi milioni 6 hivi mwaka 1932. Johnson akaenda Cleveland, akafanya kazi za mikono ikiwa ni pamoja na kiwanda cha kuyeyusha chuma, akirudi kwenye muziki kila palipotokea mwanya. Kampuni ya Decca ilimrejesha studioni mwaka 1937, na Bluebird ikamchukua mwaka 1939.

Mwaka 1948 ukatokea ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yake ya kibiashara, nao haukuwa wa bluzi. Wimbo "Tomorrow Night" ulitungwa mwaka 1939 na Sam Coslow na Will Grosz, nao ni wimbo laini wa mapenzi wa aina ile ambayo orodha ya 8000 isingeipokea. Johnson aliurekodi katika kampuni ya King, ukashika nafasi ya kwanza kwa wiki saba katika orodha ya gazeti la Billboard ya santuri za Weusi. Mwaka uliofuata gazeti hilo lilibadilisha jina la orodha na kuiita ya ridhimu na bluzi. Wanunuzi na wanamuziki walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kibandiko. Elvis Presley aliurekodi wimbo huo baadaye, mwaka 1954. Kwa wasikilizaji Weusi wa 1948 hapakuwa na utata wowote katika Lonnie Johnson kuimba mapenzi laini. Utata ulikuja na wasikilizaji wa namna nyingine.

Mwaka 1952 alialikwa Uingereza. Waliokuja kumsikiliza walikuwa wakusanyaji wa santuri za zamani, watu waliojifunza bluzi kutokana na orodha ya 8000, na kwa hiyo walikuja wakiitarajia orodha hiyo iwaimbie. Johnson aliwaimbia pia nyimbo za mapenzi, nao wengine wakaona wamepunjwa. (Kijana mmoja aliyekuwepo, Anthony Donegan, alivutiwa kiasi cha kujichukulia jina la Lonnie, na kwa jina hilo akawa nyota wa muziki wa Uingereza. Historia haikosi kejeli.) Baada ya hapo Johnson alipotea tena. Mwaka 1959 mtangazaji wa redio wa Philadelphia, Chris Albertson, alimkuta akifanya kazi ya usafi katika hoteli ya Benjamin Franklin ya mji huo. Mwenzake Elmer Snowden, mpiga banjo aliyeliongoza kundi la Washingtonians kabla ya Ellington kulishika, wakati huo alikuwa mwangalizi wa maegesho ya magari. Albertson aliwapeleka wote wawili studioni mwaka 1960, na moja ya santuri zilizopatikana ikaitwa Blues & Ballads. Kile kiunganishi kilichomo katika anwani tunakiona kuwa kauli ya uhakiki iliyo sahihi zaidi ya yote yaliyoandikwa kumhusu Johnson katika muongo ule.

Muongo wenyewe haukukisikia. Vijana wa Kizungu walioifufua bluzi miaka ya 1960 walikuwa na nia njema, na wengi wao walisimama upande wa haki katika siasa za nchi yao. Lakini walichokitafuta ni mzee wa mashambani, asiyeguswa na mji, mwenye gitaa lisilo la umeme na maumivu yasiyo na adabu. Johnson alikuwa mtu wa mjini tangu kuzaliwa, aliyevaa suti, aliyetamka maneno yake vizuri, na aliyependa gitaa la umeme. Mwaka 1963 alizunguka Ulaya na American Folk Blues Festival pamoja na Muddy Waters na wengineo, lakini katika vitabu vya wakati huo jina lake hutajwa kwa heshima ya haraka, kama mtu anavyomwamkia shemeji wa mbali. Wakati huo huo aliyetawazwa mfalme alikuwa Robert Johnson wa Mississippi, ambaye hawakuwa na undugu. Huyu alifariki mwaka 1938 akiwa ameacha nyimbo 29, na mkusanyo wa nyimbo zake uliotolewa mwaka 1961 ukafanywa msahafu. Yeyote atakayesikiliza "Malted Milk" na "Drunken Hearted Man", alizozirekodi mwaka 1937, atamsikia Lonnie Johnson ndani yake: mwendo, mapindo ya nyuzi, hata namna ya kuiweka sauti. Yule aliyehesabiwa kuwa sauti safi ya shambani alikuwa amejifunza kutoka kwa santuri za mtu wa mjini. Hatulisemi hili kumpunguzia Robert Johnson hadhi. Tunachouliza ni vipi mwanafunzi alipata kuwa kipimo ambacho kwacho mwalimu wake alipunguziwa alama.

Wasomaji wa jarida hili wanazijua hoja za namna hii kutoka nyumbani. Katika miaka ya 1970 tulibishana kwa ukali kama tungo zisizo na vina za Kezilahabi ni ushairi wa Kiswahili au la, na pande zote mbili zilizungumza kana kwamba utanzu ulikuwapo kabla ya watunzi. Tofauti ni kwamba katika mgogoro wetu watunzi wenyewe walikuwa na kalamu na walijitetea. Johnson hakuandika tahakiki. Alichokuwa nacho ni mahojiano machache, hasa yale aliyofanyiwa na Paul Oliver na kuchapishwa mwaka 1965, na humo anarudi tena na tena kwenye kikundi cha baba yake na yale mashindano ya St. Louis, mithili ya mtu anayeitaja anwani ya nyumba yake kwa wageni wanaozidi kuipotea.

Mwaka 1965 alikwenda Toronto kupiga muziki katika mtaa wa Yorkville, akapokelewa vizuri, akahamia. Mwaka uliofuata alifungua klabu aliyoiita Home of the Blues. Jina la utanzu sasa lilikuwa juu ya mlango wake mwenyewe, na hatuna haja ya kulifafanua, alihitaji wateja. Klabu haikudumu. Machi 1969 aligongwa na gari, akaumia vibaya, kisha akapatwa na kiharusi. Tarehe 23 Februari 1970 alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa Massey Hall, akitembea kwa mkongojo. Hakushika fidla wala piano wala gitaa. Aliimba nyimbo chache, Buddy Guy akimpigia, na ukumbi ukasimama kumshangilia.